Mzinga ni Shule: Maarifa ya Nyuki Yanavyopokezanwa

Mizinga miwili iliyochongwa na fundi mmoja, kwa mti wa aina moja, ikatundikwa katika pori moja, yaweza kutoa mavuno yasiyolingana hata kidogo. Mmoja huingia nyuki baada ya majuma machache na kumpatia mwenyewe asali nyeupe, safi na nzito. Wa pili hukaa mtupu mwaka mzima, ukafanywa makao ya mijusi na sisimizi. Au huingia nyuki, lakini asali inayorinwa humo huwa nyeusi, yenye harufu ya moshi, na baada ya miezi miwili hutoa povu. Tofauti haiko katika mti wala katika bahati. Tofauti iko katika maarifa ya mwenye mzinga, na katika njia aliyoyapata.

Katika makala haya tutaeleza jinsi maarifa ya ufugaji wa nyuki yanavyopatikana, yanavyojaribiwa na yanavyopitishwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Jambo hili si dogo. Ethiopia na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza katika Afrika kwa asali na nta, na sehemu kubwa ya mazao hayo hutoka kwa wafugaji wa vijijini ambao hawakujifunza kazi hiyo darasani. Walijifunza kwa baba, kwa mjomba, kwa jirani. Mzee mmoja afapo bila kumfundisha mtu, elimu ya miaka hamsini huzikwa pamoja naye. Na kijana apewapo mzinga wa kisasa bila elimu yake, amepewa sanduku tu.

Nyuki nao hujifunza

Kabla ya kumtazama mfugaji, inafaa kumtazama nyuki mwenyewe, kwa maana ndani ya mzinga pia mna walimu na wanafunzi.

Mwanasayansi Karl von Frisch, aliyezaliwa Austria, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi nyuki anavyowaarifu wenzake mahali penye maua. Aligundua kwamba nyuki mtendakazi arudipo na mbochi, yaani maji matamu ya maua, hucheza juu ya sega huku akitikisa tumbo lake. Mwelekeo wa mchezo huo una maana. Nyuki akicheza kwenda juu kabisa, maua yako upande lilipo jua. Akicheza kwa pembe ya nyuzi 40 kuume kwa mstari wa wima, maua yako nyuzi 40 kuume kwa jua. Muda wa kutikisika hueleza umbali: kwa kadiri, sekunde moja ni kama kilometa moja. Kwa kazi hiyo na nyinginezo, von Frisch alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani kwamba nyuki huzaliwa akiujua mchezo huo kikamilifu. Mwaka 2023 wanasayansi kutoka China na Marekani walitangaza matokeo ya jaribio lililobadili mawazo hayo. Waliunda makundi ya nyuki wa umri mmoja, vijana watupu, wasio na nyuki mzee hata mmoja wa kuwafuata. Vijana hao walipofikia umri wa kutafuta chakula walicheza, lakini mchezo wao ulikuwa wa ovyo, wenye makosa ya pembe na ya umbali. Kadiri walivyozidi kufanya kazi, makosa ya pembe yalipungua. Makosa ya umbali hayakusahihishwa maisha yao yote. Lakini nyuki waliokuwa wamepata kuwafuata wazee kabla ya kucheza wenyewe hawakuwa na kasoro hiyo.

Basi yapo mambo ambayo kiumbe aweza kujirekebishia mwenyewe kwa mazoezi, na yapo ambayo asipofundishwa mapema na mjuzi hayapati tena. Wafugaji wa nyuki watakubali kwamba ndivyo ilivyo hata kwa binadamu.

Fundi na mwanagenzi

Katika misitu ya miombo ya Tanzania ya magharibi, hususan Tabora na Katavi, ufugaji wa nyuki ni kazi ya jadi. Mizinga ya magogo au ya magome hutundikwa juu ya miti, na mfugaji huenda kambini porini kwa siku au majuma kadhaa kuitazama na kurina asali. Kambi hiyo ndiyo shule. Mwanagenzi hubeba mizigo, hukata kamba, huwasha moto, na huku akifanya hayo hutazama na kusikiliza.

Masomo ya shule hiyo ni mengi kuliko yanavyodhaniwa. Kwanza ni somo la miti. Mfugaji hujua kwamba miti mingi ya jamii ya Brachystegia huchanua kabla ya mvua, baina ya Septemba na Novemba, na kwamba muba, ambao wataalamu huuita Julbernardia globiflora, huchanua mvua zielekeapo ukingoni. Kutokana na hayo hujua misimu ya kurina, na hujua ni lini mizinga iwe imekwisha kutundikwa ili kuyawahi mabumba ya nyuki wanaotafuta makao.

Pili ni somo la mahali. Mzinga hutakiwa kuwa kivulini, karibu na maji, mbali na njia ya moto wa pori, na mahali ambapo nyegere hapafikii kwa urahisi. Tatu ni somo la kuwavuta nyuki. Mzinga mpya hupakwa nta ndani, kwa sababu harufu yake huwaashiria nyuki kwamba hapo palipata kukaliwa na wenzao. Nne ni somo la kuwatambua nyuki wenyewe. Mjuzi asimamapo chini ya mti na kusikiliza, hujua kama kundi limetulia au limekasirika. Akiwaona nyuki wanaingia na chavua miguuni, hujua kwamba ndani mna majana wanaolishwa, na kwa hiyo malkia yupo na anataga.

Hakuna hata moja kati ya masomo hayo lililo ushirikina. Kila moja ni matokeo ya kutazama kwa uangalifu, kulinganisha na kukumbuka, na hizo ndizo hatua za mwanzo za sayansi. Upungufu wa shule hii ni kwamba haina daftari. Yaliyomo hukaa kichwani mwa mtu, na hupotea kwa urahisi.

Ndege anayejua lugha ya wenyeji

Mfano wa ajabu wa maarifa yanayopitishwa kwa vizazi ni uhusiano wa binadamu na yule ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye asali. Ndege huyu hupenda nta na majana, lakini hana nguvu za kuvunja mti wala kinga dhidi ya mamia ya nyuki. Binadamu ana shoka na moto, lakini hajui nyuki walipo. Hivyo ndege hulia na kuruka mti hadi mti, mtu humfuata, na mwisho kila mmoja hupata fungu lake.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Kenya Hussein Isack, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walitangaza uchunguzi wao miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Waliona kwamba warinaji wasioongozwa na ndege walitumia kwa wastani saa 8.9 kupata kundi moja la nyuki, na walioongozwa walitumia saa 3.2. Yale waliyokuwa wakiyasema wazee, yakapata tarakimu.

Uchunguzi uliendelea. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba katika hifadhi ya Niassa, Msumbiji, Wayao humwita ndege huyo kwa sauti maalumu ya mtetemo inayomalizika kwa mguno, na kwamba sauti hiyo iliongeza uwezekano wa kuonyeshwa nyuki kutoka asilimia 17 hivi hadi asilimia 54, ikilinganishwa na sauti nyingine. Wahadzabe wa Tanzania humwita kwa mbinja. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walieleza kwamba ndege wa nchi ya Wahadzabe waliitika mbinja ya Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Wayao. Na ndege wa Niassa waliitika sauti ya Wayao karibu mara mbili kuliko mbinja. Hii ina maana kwamba ndege hujifunza desturi ya wenyeji wake, na wenyeji hufundishana ile sauti ambayo ndege ameizoea. Kizazi kimoja cha vijana kikiacha kumwita, ndege nao watakosa sababu ya kuitika, na mkataba wa kale utakatika pande zote mbili.

Yale ambayo macho peke yake hayaoni

Ujuzi wa kutazama ni mkubwa, lakini una mipaka. Mfugaji anajua kwamba moshi hutuliza nyuki. Sayansi huongeza kwa nini. Nyuki adungapo hutoa dawa ya kuwaashiria wenzake hatari. Sehemu kubwa ya dawa hiyo ni asetati ya isopentili, yenye harufu inayofanana na ndizi mbivu. Mahali alipodungwa mtu pananuka dawa hiyo, na nyuki wengine huelekea hapo hapo. Moshi huwapunguzia nyuki uwezo wa kuinusa. Aidha, moshi huwafanya nyuki wakimbilie masega na kujaza matumbo asali, na nyuki aliyeshiba hadungi kwa wepesi. Mfugaji aliyeelewa sababu hizi hatumii mwenge mkubwa wa kuwachoma nyuki na kuzitia asali masizi. Hutumia bomba la moshi lenye moshi baridi na mchache, na akidungwa huondoa mwiba upesi na kupapuliza moshi mahali hapo.

Vivyo hivyo katika kuiva kwa asali. Mbochi uletwao mzingani una maji mengi. Nyuki huupepea kwa mabawa mpaka maji yapungue, kisha huziba kila kijumba kwa kifuniko cha nta. Kifuniko hicho ni kama muhuri: kinaonyesha kwamba asali imeiva. Asali yenye maji yasiyozidi asilimia 20, ambacho ndicho kiwango kinachokubaliwa katika biashara ya mataifa, hukaa muda mrefu bila kuharibika, kwa kuwa hamira haziwezi kustawi humo kwa urahisi. Anayekata masega yasiyofunikwa, kwa pupa au kwa kutojua, hutia maji katika chombo chake chote. Hilo ndilo chanzo cha lile povu tulilolitaja mwanzoni.

Historia inatupa mfano mwema wa macho na akili kushirikiana. François Huber, aliyezaliwa Geneva mwaka 1750, alipofuka akiwa kijana. Hata hivyo alikuwa mmoja wa wachunguzi wakubwa wa nyuki wa zama zake. Mtumishi wake, François Burnens, alitazama na kueleza; Huber aliuliza, akapanga majaribio, akafikiri. Kwa njia hiyo walithibitisha kwamba malkia hukutana na madume nje ya mzinga, akiwa angani. Kitabu chao kilitoka mwaka 1792. Mmoja hakuwa na macho, mwingine hakuwa na elimu ya chuo. Lakini waligawana walichokuwa nacho.

Mzinga wa gome na mzinga wa viunzi

Hapa tunafika penye mgogoro halisi. Mzinga wa gome ni rahisi kutengeneza na haugharimu fedha. Lakini mti uliobanduliwa gome pande zote hufa, kwa sababu chakula kitengenezwacho na majani hushuka mizizini kwa kupitia gome. Na miti inayobanduliwa mara nyingi ndiyo ile ile inayowapa nyuki mbochi. Mfugaji huua mti mmoja ili apate mzinga wa miaka michache. Wafugaji elfu wakifanya hivyo kila mwaka, wanaikata meza wanayolia.

Tangu zamani wataalamu walitafuta mzinga ulio bora. Mmarekani Lorenzo Langstroth alitambua mwaka 1851 kwamba nyuki huiacha wazi nafasi ya milimeta 6 hadi 9 hivi kati ya masega na kuta. Ikiwa ndogo zaidi huiziba kwa gundi. Ikiwa kubwa zaidi huijengea sega. Kwa kuifuata nafasi hiyo alitengeneza mzinga wenye fremu zinazotolewa na kurudishwa bila kuvunja masega. Mzinga huo ni mzuri, lakini una gharama, na unataka seremala hodari na vifaa vya ziada.

Mapema katika miaka ya 1970, nchini Kenya, wataalamu wa huko wakishirikiana na wenzao wa Kanada walieneza mzinga wa viunzi vya juu. Ni sanduku lenye kuta za mshazari, lililofunikwa kwa vipande vya mbao vilivyopangwa bega kwa bega. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila kiunzi, na mfugaji huweza kukiinua, kukikagua na kukirudisha. Mzinga huu huning'inizwa kwa waya katika kimo cha kiuno. Kwa hiyo mtu hahitaji kupanda mti, na wanawake wengi, ambao kazi ya kupanda miti usiku haikuwa yao kwa desturi, wameweza kuingia katika ufugaji.

Lakini angalia jambo moja. Kiunzi cha nyuki wa Afrika hutakiwa kiwe na upana wa milimeta 32, kwa kuwa ndiyo nafasi anayoiacha kati ya katikati ya sega moja na lingine. Nyuki wa Ulaya, aliye mkubwa kidogo, huacha milimeta 35 hivi. Seremala asiyeambiwa jambo hili hutengeneza viunzi vya kipimo chochote. Nyuki hujenga masega yao yakivuka kutoka kiunzi hadi kiunzi, na mzinga mzima hushikamana. Milimeta tatu tu zimeuondolea mzinga faida yake yote. Ndiyo maana katika sehemu nyingi mizinga ya kisasa iliyogawiwa imeonekana imelala mitupu au imegeuzwa makabati. Kilichokosekana ni mtu wa kurudi baada ya miezi mitatu kumwuliza mfugaji: Je, wameingia? Wamejenga vipi? Umeona nini?

Somo kutoka Brazili

Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika, wengi wao kutoka Afrika ya Kusini, na pia kutoka Tabora, Tanganyika ya wakati huo. Nia yake ilikuwa kupata nyuki wafaao nchi za joto, kwa kuwa wale wa Ulaya hawakustawi huko. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka katika majaribio. Wakazaana, wakachanganyika na nyuki wa Ulaya, wakasambaa bara zima. Mwaka 1990 walifika Texas, Marekani.

Wafugaji wa Brazili walizoea nyuki wapole na mizinga iliyopangwa karibu na nyumba. Ghafla walikabiliwa na nyuki wanaojilinda kwa ukali, watu na mifugo wakadungwa, na wengi wakaacha kazi. Magazeti ya dunia yalijaa habari za kutisha. Walichokifanya wale waliobaki hakikutangazwa sana, nacho ndicho chenye faida kwetu. Walikutana, wakaelezana, wakabadili desturi: manzuki zikapelekwa mbali na makazi na mazizi, kila mzinga ukawekwa juu ya kitako chake ili kuusogeza mmoja kusiwaamshe wote, mabomba ya moshi yakafanywa makubwa, mavazi yakaboreshwa. Baada ya miaka kadhaa uzalishaji ulirudi na kuzidi ule wa awali, na nyuki yule yule akahesabiwa kuwa mali.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mambo mengi ambayo Brazili ilijifunza kwa tabu, mrinaji wa Tabora alikuwa akiyajua tangu utoto: kwamba nyuki huyu hafugwi mlangoni pa nyumba, na kwamba hushughulikiwa jioni au usiku, kwa moshi, bila pupa. Malkia walisafirishwa kuvuka bahari. Maarifa ya waliowafuga hayakusafiri nao.

Si kila linalosemwa ni kweli

Maarifa hupitishwa, na makosa hupitishwa pia. Ni kawaida kusikia kwamba asali iliyoganda imetiwa sukari. Huu ni uongo. Asali nyingi halisi huganda, kwa sababu ina glukosi nyingi kuliko kiasi kinachoweza kuyeyuka katika maji yake; aina ya maua na baridi ndivyo vinavyoamua kasi ya kuganda. Wengine huchovya kijiti cha kiberiti katika asali na kukiwasha: kikiwaka, ati asali ni safi. Kipimo hicho chaonyesha, tena kwa mashaka, unyevu tu. Sharubati nzito ya sukari yaweza kufaulu, na asali halisi yenye unyevu ikashindwa. Kwa kuamini vipimo hivi, wanunuzi huwakataa wafugaji waaminifu.

Dawa ya maradhi haya si kuwadharau wazee wala kuwaamini kwa kila jambo. Ni kujaribu. Isack hakuwacheka Waborana, wala hakuridhika na masimulizi. Alichukua saa yake, akaenda nao porini.

Daftari, kikundi na shule

Njia bora ya kupashana maarifa ni ile inayounganisha kinywa cha mzee, jicho la jirani na kalamu ya kijana. Kikundi cha wafugaji kumi wenye mizinga mitano mitano kina mizinga hamsini ya kujifunzia, wakati kila mmoja peke yake ana mitano tu. Tuseme mizinga 25 imetundikwa kivulini na 25 juani; baada ya msimu mmoja, ile ya kivulini iliyoingia nyuki ni 15 na ile ya juani ni 7. Mfugaji mmoja asingeweza kuona tofauti hiyo kwa yakini. Kikundi huiona, mradi kila mmoja awe ameandika.

Daftari la manzuki halihitaji mambo makubwa. Yatosha kuandika tarehe, namba ya mzinga, miti iliyochanua, kama nyuki wamo au wamehama, wadudu waliokutwa, na uzito wa asali kwa kilo. Daftari la namna hiyo likitunzwa miaka mitano huwa kalenda ya maua ya kijiji, na kalenda hiyo haipatikani katika kitabu chochote cha ng'ambo. Aidha, huwa kengele ya hatari. Utitiri wa varoa, mdudu mdogo mwekundu anayewanyonya nyuki, ulitambuliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Nyuki wa Afrika wameonyesha kuustahimili kuliko wale wa Ulaya, lakini mabadiliko ya namna hiyo yatagunduliwa mapema tu pale ambapo watu hukagua mizinga yao na kuelezana wanayoyaona.

Shule ya sekondari iliyo karibu na wafugaji ina nafasi ya pekee. Wanafunzi waweza kuandika masimulizi ya wazee wa nyuki, kukusanya majina ya miti katika lugha ya wenyeji na kuyaoanisha na majina ya kitaalamu, na kuandaa kalenda ya maua. Katika karakana waweza kupima viunzi vya milimeta 32 kwa usahihi. Katika maabara waweza kufanya jaribio hili: chukua chupa nne safi, utie asali iliyoiva katika kila moja, kisha uongeze maji kidogo katika ya pili, zaidi katika ya tatu, na zaidi tena katika ya nne. Zifunike kwa kitambaa, uziweke mahali pa joto, uzitazame kwa majuma matatu ukiandika siku ambayo kila moja imeanza kutoa povu. Kisha alikwa mfugaji aje kuona matokeo. Maelezo yake yatakuwa sehemu ya somo.

Tahadhari ni lazima. Manzuki ya shule iwe mbali na madarasa na njia za watu, isikaguliwe ila na mjuzi, jioni, kwa mavazi kamili. Wapo watu ambao mwili wao huudhiwa vikali na sumu ya nyuki. Aliyedungwa na kuvimba mwili mzima au kupumua kwa shida apelekwe hospitali bila kukawia.

Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani, kwa azimio la mwaka 2017. Tarehe hiyo inahusishwa na kuzaliwa kwa Anton Janša, Mslovenia wa mwaka 1734, ambaye anakumbukwa kwa kuwa mwalimu: aliajiriwa Vienna kuwafundisha wengine ufugaji wa nyuki. Wahenga wetu walisema, fuata nyuki ule asali. Anayetaka asali ya mwaka huu na ya miaka ijayo, na pori likiwa bado limesimama, hana budi kumfuata pia yule aliyewafuata nyuki kabla yake, amwulize, aandike, ajaribu, kisha amfundishe mwingine.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mti uliobanduliwa gome pande zote hufa? Eleza kwa kutumia yale uliyojifunza juu ya usafirishaji wa chakula katika mimea.
2. Nyuki amecheza kwa pembe ya nyuzi 60 kushoto kwa mstari wa wima, akitikisika kwa sekunde mbili. Jua liko mashariki hasa. Chora ramani uonyeshe mahali maua yalipo.
3. Taja imani moja juu ya nyuki au asali inayosikika katika sehemu yako. Utaijaribu vipi ili ujue kama ni kweli?
4. Kikundi cha wafugaji kimegawiwa mizinga 20 ya viunzi. Panga masomo matatu ambayo yangepaswa kutolewa kabla ya kuitundika, na moja baada ya miezi mitatu.